Nafuu ya kodi ya kuboresha nyumba Marekani: jinsi ya kudai pesa za kazi iliyokamilika kabla ya 2026

Ukifunga pampu ya joto (mashine ya umeme ya kupasha na kupoza nyumba) nyumbani kwako leo, serikali kuu ya Marekani haikupunguzii kodi hata senti. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 ilizifuta nafuu mbili za kodi zilizokuwa zikiwasaidia watu kuboresha nyumba zao, na kazi yoyote iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025 haihesabiwi. Habari hiyo imewafikia wengi, na baadhi yao wakatupa risiti. Wamekosea. Kazi iliyokamilika 2023, 2024 au 2025 haikuguswa na sheria hiyo, na aliyesahau kuidai anaweza kurudi nyuma na kuidai.

Tuanze na jina, maana limewakosesha watu pesa. Karatasi nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huiita nafuu hii "mkopo wa kodi", na mtu akisikia mkopo anaingiwa na woga wa deni. Si mkopo. Ni kiasi kinachotolewa moja kwa moja kwenye kodi unayodaiwa: nafuu ya $1,200 inapunguza kodi kwa $1,200, na hakuna atakayerudi kukudai. Ni tofauti pia na yale makato yanayopunguza mapato yanayotozwa kodi, ambayo kwa mtu wa ngazi ya 12% hugeuza $1,200 kuwa $144 tu.

Nafuu zenyewe ni mbili na zote hujazwa kwenye Fomu 5695. Sehemu ya kwanza ya fomu ni ya nishati safi: paneli za sola, hita ya maji ya sola, betri ya kuanzia kWh 3, pampu ya jotoardhi. Hiyo ni 30% ya gharama, karibu vyote bila kikomo, na ikizidi kodi yako inabebwa kwenda mwaka unaofuata. Sehemu ya pili ni ya maboresho ya nyumba iliyopo tayari: madirisha, milango, insulesheni, mashine za kupasha joto na kupoza, hita za maji. Nayo ni 30%, lakini ina vikomo vingi, na kisichotumika mwaka huo kimepotea. Ukizichanganya hizi mbili, hesabu yote inaharibika.

Kazi ilikwisha lini?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake halimo kwenye risiti ya malipo. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haiangalii siku uliyolipa wala siku uliyotia saini mkataba. Inaangalia siku kifaa kilipomalizika kufungwa kikawa tayari kutumika. Aliyelipia madirisha Novemba 2025 na fundi akaja kuyafunga Januari 2026 hana kitu. Sola nayo ni vivyo hivyo: pesa zilizolipwa 2025 kwa mfumo uliomalizika kufungwa 2026 hazihesabiwi, hata kama ulilipa zote mapema.

Kwa hiyo tafuta karatasi yenye tarehe ya kumaliza: fomu ya makabidhiano uliyosaini na fundi, kibali cha jiji kilichofungwa baada ya ukaguzi, au barua ya kampuni ya umeme. Invoisi yenye maneno "malipo ya awali" haithibitishi chochote. Kama huna karatasi ya namna hiyo, mwombe fundi akuandikie sasa, angali anakukumbuka.

Tarehe hiyo pia ndiyo inayoamua ni ritani (taarifa ya kodi unayoipelekea IRS) ya mwaka gani. Madirisha yaliyofungwa Desemba 2024 ni ya ritani ya 2024, hata kama deni la kadi ulilimaliza Machi 2025.

Nani anaruhusiwa

Nyumba lazima iwe ndani ya Marekani na iwe ni makazi yako. Sola uliyomfungia mama Kisumu au Goma haihusiki hata kidogo, na kuijaza ni kujitafutia matatizo. Kwa madirisha, milango na insulesheni, lazima uwe mwenye nyumba na uwe unaishi humo kama makazi yako makuu. Kwa mashine, yaani pampu ya joto, hita ya maji, kiyoyozi kikuu au tanuri la kupasha nyumba joto, hata mpangaji aliyelipa mwenyewe anaweza kudai. Mwenye nyumba anayepangisha na haishi humo hadai chochote kwenye fomu hii.

Nyumba mpya kabisa haiingii kwenye sehemu ya pili: ni lazima uwe umeboresha nyumba iliyokuwapo. Kifaa nacho kiwe kipya, wewe ndiye mtumiaji wake wa kwanza. Pampu ya mtumba, hata iwe nzuri namna gani, haifai.

Ukiwa unafanyia biashara sehemu ya nyumba, tuseme unalea watoto kwa malipo, nafuu unaipata yote mradi biashara haizidi 20% ya nyumba. Ikizidi, unadai kwa sehemu ile ya makazi tu.

Vikapu viwili

Sehemu ya pili ya fomu ifikirie kama vikapu viwili visivyochanganyika.

Kikapu cha kwanza kina nafasi ya $1,200 kwa mwaka. Humo ndimo yanamokaa madirisha (kisichozidi $600 kwa yote pamoja), milango ya nje ($250 kwa mlango mmoja, $500 kwa yote), insulesheni na vifaa vya kuziba nyufa (hakuna kikomo kidogo, ila ile $1,200 yenyewe), ukaguzi wa nishati ($150), na viyoyozi vikuu, hita za maji za gesi, matanuri na paneli za breka za umeme ($600 kwa kila kifaa).

Kikapu cha pili kina nafasi ya $2,000 kwa mwaka, na ni cha pampu za joto, hita za maji zinazotumia pampu ya joto, na majiko au boila za kuni. Ukivijaza vyote viwili mwaka mmoja unafika $3,200. Mwaka unaofuata vikapu vilikuwa vinaanza upya, kwa hiyo aliyefunga milango 2024 na madirisha 2025 ana madai mawili tofauti.

Tuone kwa namba. Familia imefunga 2025:

Madirisha 6. Invoisi inasema "vifaa na kazi, $4,740".
Mlango mmoja wa mbele, $900 bila ufundi.
Insulesheni ya darini, vifaa $1,600.
Pampu ya joto, $9,400 pamoja na ufundi. Kampuni ya umeme ikawarudishia $1,200.

Ile invoisi ya madirisha ndiyo yenye mtego. Kwa madirisha, milango na insulesheni, ufundi hauhesabiwi. Vifaa peke yake ndivyo vinavyohesabiwa. Kwa mashine ufundi unahesabiwa. Invoisi ikiwa na namba moja tu, huna msingi wa kudai, na kukisia si msingi. Mrudie fundi akugawie. Tuseme anaandika: vifaa $3,240, ufundi $1,500. Sasa 30% ya $3,240 ni $972, lakini kikomo ni $600. Mlango: 30% ya $900 ni $270, kikomo $250. Insulesheni: $480. Jumla $1,330, kikapu kinabeba $1,200. Zile $130 zilizomwagika zimepotea.

Pampu: toa kwanza pesa za kampuni ya umeme. $9,400 ukitoa $1,200 inabaki $8,200, na 30% yake ni $2,460. Kikapu cha pili kinabeba $2,000. Familia hii imefika $3,200 kamili.

Kuhusu hizo pesa za kurudishiwa: kilichotoka kwa kampuni ya umeme au kwa muuzaji kinapunguza gharama, iwe kilikuja kwako au kilienda kwa fundi moja kwa moja. Malipo ya umeme wa sola unaourudisha kwenye gridi hayapunguzi. Nafuu ya kodi ya jimbo, kwa kawaida, nayo haipunguzi.

Kifaa chenyewe kilifaa?

Lebo ya Energy Star, ile ya vifaa visivyokula nishati nyingi, si tiketi ya kila kitu. Kwa milango inatosha. Kwa madirisha haitoshi: inatakiwa ile ya juu zaidi, Energy Star Most Efficient, na madirisha mengi ya bei nafuu madukani yana lebo ya kawaida tu. Tanuri la gesi linatakiwa kufikia AFUE 97, yaani 97% ya gesi igeuke joto. Yale ya 95 na 96, ambayo mafundi huyaita "ya daraja la juu", hayafiki. Paneli ya breka iwe ya ampea 200 au zaidi, na iwe imefungwa ili kukiwezesha kifaa kingine kinachostahili kufanya kazi. Aliyebadilisha paneli kwa sababu ya uzee wake tu hajastahili.

Pampu ya joto ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Inatakiwa iwe daraja la juu la CEE, kundi linalopanga vifaa kwa madaraja ya matumizi ya nishati, ukiacha lile la ziada linaloitwa "advanced". Tatizo ni kwamba daraja hupimwa kwa mtambo wa nje na wa ndani vikiwa pamoja. Mtambo uleule wa nje unaweza kufaa ukiunganishwa na modeli fulani ya ndani, na usifae ukiunganishwa na nyingine. Mwombe fundi cheti cha AHRI (shirika linalothibitisha vipimo vya mashine hizi) chenye modeli zote mbili. Bila hicho, jina la kampuni kwenye boksi la nje halikuambii lolote.

Ukaguzi wa nishati wa kuanzia 2024 lazima uwe umefanywa na mkaguzi mwenye cheti kinachotambuliwa, na ripoti ya maandishi ionyeshe jina lake, namba yake ya kodi ya biashara (EIN), na programu iliyompa cheti. Mtu aliyekuja na kamera ya joto, akazunguka nyumba, akaondoka na $300 bila kuacha ripoti hiyo, hajakupa kitu cha kudai.

Namba ya mtengenezaji kwa kazi za 2025

Hii ni ya 2025 peke yake, na waliozoea kujaza 2023 na 2024 huiruka. Kwa madirisha, milango na mashine zilizofungwa 2025, fomu inadai namba ya mtengenezaji, iitwayo QMID, yenye herufi na tarakimu nne. Insulesheni na ukaguzi havihitaji. Itafute kwenye lebo ya kifaa, ndani ya kifungashio, au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Fundi mara nyingi haijui, na duka nalo mara nyingi halijui. Mtengenezaji ndiye anayeijua. Usiichanganye na namba ya modeli wala namba ya mfululizo (serial) ya kifaa, ambazo ni ndefu zaidi. Kama madirisha ni ya kampuni mbili, namba ni mbili.

Kodi yako inatosha kubeba nafuu?

Nafuu hizi hazirudishwi taslimu. Zinakula kodi, na kodi ikiisha zinaishia hapo. Lakini "kodi" hapa si kile unacholipa Aprili. Watu wengi hurudishiwa pesa kila mwaka, wakadhani hawana kodi. Wanayo: ilishakatwa kwenye mshahara mwaka mzima. Angalia mstari wa 18 wa Fomu 1040, yaani ritani yenyewe. Hiyo ndiyo kodi yako kabla ya nafuu yoyote.

Kwa familia yenye watoto kuna mpangilio ambao hata baadhi ya waandalizi wa ritani hawauelezi. Nafuu ya maboresho (sehemu ya pili) inakula kodi kabla ya nafuu ya watoto (Child Tax Credit). Nafuu ya sola (sehemu ya kwanza) inakula baada ya ile sehemu ya nafuu ya watoto isiyoweza kulipwa taslimu. Tofauti hiyo ina maana kubwa mfukoni.

Chukua mume na mke wanaojaza pamoja, mshahara $78,000 kwa 2025, watoto 3 wenye namba za Social Security. Wakitoa makato ya kawaida ya $31,500, yanabaki $46,500, na kodi ni kama $5,100. Nafuu ya watoto ni $2,200 kwa kila mmoja, jumla $6,600.

Wakidai ile $3,200 ya madirisha na pampu: kodi inashuka hadi $1,900. Nafuu ya watoto inaimaliza, na inabaki $4,700 ya watoto isiyo na kodi ya kula. Lakini nafuu ya watoto ina sehemu inayolipwa taslimu, hadi $1,700 kwa mtoto, yaani $5,100 kwa watatu. Hiyo $4,700 inaingia yote humo. Kwa hiyo familia imepata $3,200 yake kamili, ingawa kwa mtazamo wa haraka ungesema watoto walikuwa wameshaimaliza kodi.

Sasa familia ileile, badala ya madirisha, imefunga sola ya $25,000. Nafuu ni $7,500. Sehemu ya nafuu ya watoto isiyoweza kulipwa taslimu, $1,500, inatangulia, na ile $5,100 nyingine ya watoto inalipwa taslimu. Kwa hiyo mwaka huo sola inakula $3,600 tu ya kodi iliyobaki. $3,900 iliyobaki inabebwa kwenda 2026. Haijapotea. Ila inabidi Fomu 5695 ijazwe kila mwaka ili kuibeba, na usipoijaza mwaka mmoja utakuwa na kazi ya kuitafuta.

Wauzaji wa sola waliopita mlango kwa mlango hawakuyasema haya. Walisema serikali itakutumia hundi. Mbaya zaidi, mikopo mingi ya sola ilipangwa kwa dhana kwamba ndani ya miezi 18 hivi utaipeleka nafuu hiyo kwa mkopeshaji. Usipoipeleka, malipo ya mwezi yanapanda. Kama uko kwenye mkopo wa namna hiyo, soma ukurasa wa ratiba ya malipo kabla mwezi huo haujafika.

Mambo machache zaidi ya sola. Kama paneli ni za kukodi, au unanunua umeme tu kutoka kwa kampuni iliyozifunga juu ya paa lako, huna cha kudai: nafuu ni ya mwenye mali. Kama ulinunua kwa mkopo, unadai gharama yote ya mfumo, lakini riba na ada za mkopo hazihesabiwi. Paa jipya lililowekwa chini ya paneli nalo halihesabiwi, hata kama muuzaji aliliingiza kwenye invoisi moja. Ufundi, nyaya na inveta vinahesabiwa.

Kujaza fomu

Panga kwanza karatasi kwa mwaka, kisha kwa kikapu. Kwa kila kifaa uwe na invoisi iliyogawanywa, uthibitisho wa malipo, tarehe ya kumaliza, cheti cha mtengenezaji kinachosema kifaa kinastahili, na kwa 2025 ile QMID. Kwa insulesheni ya kupulizwa, piga picha ya lebo ya mfuko na kadi ambayo fundi huiacha darini ikionyesha unene na kiwango cha R (uwezo wa kuzuia joto). Hivi havitumwi IRS. Vinakaa kwako, angalau miaka 3 baada ya kupeleka ritani, na kwa nafuu ya sola inayobebwa, mpaka miaka 3 baada ya mwaka ilipomalizika.

Fomu 5695 ni ya mwaka wake. Usitumie ya 2025 kwa kazi ya 2024, mistari imebadilika. Sehemu ya pili inaanza na maswali ya ndiyo na hapana: je, maboresho yako kwenye makazi yako makuu ndani ya Marekani, je, wewe ni mtumiaji wa kwanza, je, vitadumu miaka 5 au zaidi, je, kazi ilihusu ujenzi wa nyumba mpya. Jibu moja likienda kombo, fomu inakuzuia kuendelea. Programu za kompyuta huuliza maswali haya haraka haraka, na mtu akibonyeza "hapana" kwa bahati mbaya nafuu inatoweka bila taarifa. Ukiona sifuri mahali ulipotarajia namba, rudi hapo kwanza.

Matokeo yanahamia Schedule 3, jedwali la nyongeza la Fomu 1040: sola kwenye mstari 5a, maboresho kwenye 5b. Kabla ya kutuma, fungua Schedule 3 uone kwa macho yako. Kama 5b ni tupu, hujadai, hata kama Fomu 5695 imejaa.

Ukitaka msaada wa bure, vituo vya VITA (mpango wa IRS wa watu wanaojitolea kujaza ritani) vipo kwenye miji mingi yenye jamii zetu, lakini piga simu kwanza uulize kama wanajaza Fomu 5695, hasa sehemu ya sola. Si kila kituo kinaifanya. Ukimlipa mtu, lazima awe na PTIN (namba ya IRS ya mwandalizi wa ritani) na atie saini ritani yako. Anayetaka malipo kwa asilimia ya marejesho, mwache.

Kurudi nyuma: 2023 na 2024

Ritani uliyokwishapeleka hurekebishwa kwa Fomu 1040-X. Muda ni miaka 3 tangu ulipoipeleka, na aliyeipeleka mapema huhesabiwa kana kwamba aliipeleka siku ya mwisho. Kwa hiyo ritani ya 2023 iliyopelekwa kwa wakati ina mpaka 15 Aprili 2027. Ya 2024 ina mpaka Aprili 2028. Ya 2025, ambayo siku yake ya mwisho ni 15 Aprili 2026, inaweza kurekebishwa mpaka Aprili 2029. Kila mwaka ni 1040-X yake; huwezi kuunganisha miaka miwili kwenye moja.

Fomu ina safu tatu: A ni kilichoandikwa mwanzo, B ni tofauti, C ni kilicho sahihi. Chukua nakala ya ritani yako ya mwanzo; kama huna, ipakue kwenye akaunti yako ya IRS kama muhtasari. Mahali pa maelezo andika sentensi moja au mbili tu, kwa mfano kwamba hukudai nafuu ya maboresho ya nyumba kwa pampu ya joto iliyofungwa mwezi fulani, na Fomu 5695 imeambatishwa. Hadithi ndefu haisaidii.

Ambatisha Fomu 5695 ya mwaka huo na Schedule 3 mpya. Na kwa mwenye watoto, hapa ndipo pesa hupotelea: lazima ujaze upya Schedule 8812, jedwali la nafuu ya watoto. Nafuu ya maboresho ikiingia, sehemu ya nafuu ya watoto inahama kutoka kula kodi kwenda kulipwa taslimu. Ukibadilisha 5b na kuiacha 8812 ya zamani, hesabu ya C haitalingana, na utajikuta unaomba pungufu. Kwa 2024 nafuu ya mtoto ilikuwa $2,000, na sehemu ya taslimu haikuzidi $1,700. Kwa 2023 sehemu ya taslimu haikuzidi $1,600.

Kama marejesho ya ritani ya mwanzo hayajaingia, subiri yaingie kwanza. Halafu 1040-X nayo huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16. Hali yake inaangaliwa kwenye ukurasa maalumu wa IRS wa ritani zilizorekebishwa, si ule wa marejesho ya kawaida, na huanza kuonekana baada ya wiki 3 hivi. Kupeleka ya pili kwa sababu ya kwanza "imekawia" kunachelewesha zote.

Kwa aliyetaka kufunga sasa

Nafuu ya kodi ya serikali kuu haipo, lakini hela nyingine zipo, na kwa mwenye kipato kidogo baadhi ni bora kuliko nafuu iliyokufa.

Weatherization Assistance Program, mpango wa serikali kuu ulioanza 1976, huziba nyufa, huweka insulesheni na hutengeneza mashine za joto bure kwa kaya yenye kipato kisichozidi 200% ya mstari wa umaskini. Mpangaji anaweza kuomba kwa idhini ya mwenye nyumba. Foleni ni ndefu. Anayepokea SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) anastahili moja kwa moja.

Majimbo kadhaa yana nafuu zao za kodi: New York hutoa 25% ya gharama ya sola, isiyozidi $5,000, na Massachusetts 15%, isiyozidi $1,000. Mipango ya Efficiency Maine (jimbo la Maine) na Mass Save (Massachusetts) hulipa sehemu ya bei ya pampu za joto.

Kisha kuna marejesho ya HEAR, yaani punguzo la bei ya vifaa vya umeme na maboresho ya nyumba, yanayoendeshwa na majimbo kwa fedha za sheria ya 2022: hadi $8,000 kwa pampu ya joto, $1,750 kwa hita ya maji ya pampu, $4,000 kwa paneli ya breka, $2,500 kwa nyaya, $1,600 kwa insulesheni, yote pamoja yasizidi $14,000. Kaya iliyo chini ya 80% ya kipato cha kati cha eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote hadi kikomo. Iliyo kati ya 80% na 150%, nusu. Si kila jimbo limefungua, na baadhi hufunga fedha zikiisha.

HEAR hairudi nyuma. Ukinunua kwanza ukaomba baadaye, umejikosesha. Utaratibu ni huu: omba kwa ofisi ya nishati ya jimbo ukiwa na uthibitisho wa kipato, subiri idhini ya maandishi, chagua fundi aliyemo kwenye orodha ya jimbo, na hakikisha punguzo limeandikwa kwenye invoisi kabla hujasaini. Fundi akikuambia ulipe zote kwanza yeye atakufuatilia, piga simu jimboni kabla hujatoa kadi.